Mitandao ya madaktari: Nani analipa, nani anavuna?

MWENYE duka la dawa pale Kariakoo anamfahamu vizuri mwakilishi wa kampuni ya dawa. Ni yule kijana nadhifu mwenye mkoba, anayekuja na sampuli, kalenda na kalamu zenye jina la dawa, kisha anakwenda hospitali kukaa kwenye benchi akimngoja daktari amalize wagonjwa.

Mwakilishi huyo ni gharama. Analipwa mshahara, nauli na posho, na pengine siku nzima inakwisha bila kumwona daktari hata kwa dakika tano. Katika nchi tajiri gharama hiyo ni kubwa zaidi, na ndiyo iliyozaa biashara tunayoieleza wiki hii, yaani mitandao ya kijamii ya madaktari.

Msomaji anaweza kuuliza habari za madaktari zimeingiaje katika ukurasa wa soko. Jibu ni kwamba kampuni zinazoendesha mitandao hiyo zimeuza hisa kwa umma huko New York na Tokyo. Wapo waliopata faida kubwa na wapo waliopoteza akiba zao, na mafunzo yake yanamhusu mwekezaji mdogo popote alipo.

DAKTARI ANAFANYA NINI HUMO

Matumizi makubwa ni manne. La kwanza ni kushauriana. Daktari aliye mbali na hospitali kubwa akipata mgonjwa mwenye upele asioufahamu, zamani alimwandikia bingwa barua au alisubiri mkutano wa mwaka. Siku hizi anapiga picha, anaondoa kila kinachoweza kumtambulisha mgonjwa, anaiweka mbele ya wenzake na kupata maoni. Mtandao wa Figure 1, ulioanzishwa Toronto, Canada, mwaka 2013, ulijengwa juu ya kazi hiyo. Kabla yake kulikuwa na Sermo, ulioanzishwa Marekani mwaka 2005 na Daktari Daniel Palestrant, ambao uliwaruhusu madaktari waliothibitishwa kujadiliana bila kutaja majina yao.

La pili ni kujisomea. Utafiti mpya ni mwingi kuliko muda wa daktari, hivyo mtandao unamchagulia habari za fani yake na kumletea kwenye simu.

La tatu ni kuwasiliana na mgonjwa. Daktari hapendi namba yake ya binafsi izagae. Kampuni ya Doximity ya San Francisco ilitengeneza huduma ambayo daktari anapiga kwa simu yake mwenyewe, lakini mgonjwa anaona namba ya kliniki. Mei 2020, wakati wa janga la korona, huduma hiyo iliongezewa picha za video.

La nne ni kuzungumza na umma. Mfano unaojulikana ni Daktari Mikhail Varshavski wa Marekani, maarufu kama Doctor Mike, ambaye ana mamilioni ya watazamaji YouTube. Huko hata hivyo mwenye jukwaa ni Google, na daktari ni mpangaji tu.

Hapa Afrika Mashariki madaktari wengi hushauriana katika makundi ya WhatsApp. Makundi hayo yanasaidia, lakini hayakutengenezwa kwa ajili ya hospitali na hakuna anayehakiki kwa niaba ya kampuni kwamba kila aliyemo ni daktari. Kuhakiki huko ndiko kunakoifanya mitandao maalumu iwe na thamani sokoni, kama tutakavyoona.

PESA INATOKA WAPI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba daktari halipi chochote. Anajiunga bure, anasoma bure, anapiga simu bure au kwa sehemu kubwa bure. Anayelipa ni kampuni ya dawa inayotaka habari za dawa yake zimfikie daktari, na hospitali inayotafuta madaktari wa kuajiri au wa kuwaletea wagonjwa.

Kampuni ya dawa inakubali kulipa kwa sababu inajua inazungumza na nani. Tangazo la redioni linasikiwa na kila mtu, ilhali dawa ya moyo ya kuandikiwa inahitaji kusikiwa na daktari wa moyo peke yake. Mtandao uliowahakiki wanachama wake unaweza kumpa mtangazaji kundi hilo hilo analolitaka, bila nauli wala posho.

Wajapani waliliona jambo hili mapema. Kampuni ya M3 ilianzishwa mwaka 2000 ikiungwa mkono na Sony, na mwaka 2004 hisa zake ziliingia soko la Tokyo. Ilifanya ujumbe wa mwakilishi wa dawa upite kwenye kompyuta, na daktari anayesoma akajipatia pointi zenye thamani. Leo madaktari wanachama nchini Japani ni zaidi ya 300,000.

Huko Marekani, mwanzilishi mmojawapo wa Doximity, Jeff Tangney, alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa Epocrates, kampuni iliyowapa madaktari orodha ya dawa na dozi zake kwenye vifaa vya mkononi. Epocrates iliuzwa mwaka 2013 kwa karibu dola milioni 293. Doximity aliianzisha na wenzake mwaka 2010 kwa mfumo ule ule: mpe daktari kifaa cha kazi bure, kisha muuzie mtengeneza dawa nafasi ya kuonekana.

HESABU YA DOXIMITY

Doximity iliingia soko la hisa la New York tarehe 24 Juni, 2021. Wakati huo ilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 1.8, wakiwamo zaidi ya asilimia 80 ya madaktari wote wa Marekani. Hisa moja iliuzwa dola 26, na kampuni ilitenga hadi asilimia 15 ya hisa hizo kwa madaktari wenyewe.

Tuchukue daktari aliyenunua hisa 100 kwa bei hiyo. Alitoa dola 2,600. Siku ya kwanza ilipofungwa bei ilikuwa karibu dola 53, hivyo alikuwa na dola 5,300 hivi. Septemba mwaka huo bei ilivuka dola 100, na mali yake ikapita dola 10,000.

Kisha mambo yakageuka. Majira ya vuli ya mwaka 2023 bei ilishuka hadi karibu dola 20. Kama daktari wetu hakuuza, alikuwa na dola 2,000 hivi, pungufu ya alizotoa. Aliyenunua pale kileleni, kwa sababu aliona wenzake wanafurahi, alipoteza karibu dola nane katika kila kumi.

Msomaji atadhani kampuni ilikuwa inakufa. La hasha! Mwaka wake wa hesabu huishia Machi 31, na mapato yake ni haya:

Mwaka ulioishia 2021: dola milioni 206.9
Mwaka ulioishia 2022: dola milioni 343.5
Mwaka ulioishia 2023: dola milioni 419.1
Mwaka ulioishia 2024: dola milioni 475.4
Mwaka ulioishia 2025: dola milioni 570.4

Hakuna mwaka hata mmoja ambao mapato yalishuka, na miaka yote hiyo mitano kampuni ilipata faida. Katika mwaka ulioishia 2025 faida halisi ilikuwa dola milioni 223.2, maana yake katika kila dola 100 zilizoingia, 39 hivi zilibaki. Ni wafanyabiashara wachache wanaoweza kujivunia hesabu kama hiyo.

KILICHOANGUSHA BEI

Tatizo lilikuwa bei ambayo watu walikubali kulipa. Hisa ilipovuka dola 100, thamani ya kampuni nzima sokoni ilikuwa zaidi ya mara 80 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Ni sawa na kununua duka linalouza shilingi milioni 10 kwa mwaka kwa shilingi milioni 800, ukitumaini kwamba mauzo yatapaa bila kukoma.

Mauzo yaliongezeka, lakini kwa kasi inayopungua. Ongezeko lilikuwa asilimia 66 katika mwaka ulioishia 2022, likawa asilimia 22 mwaka uliofuata, kisha asilimia 13. Janga lilikuwa limewafungia wawakilishi wa dawa nje ya milango ya hospitali, na kampuni za dawa zikahamishia fedha zao mtandaoni kwa haraka. Milango ilipofunguliwa, haraka hiyo ilikwisha. Agosti 2023 Doximity ilipunguza makadirio ya mapato na kuachisha kazi karibu asilimia 10 ya wafanyakazi, na bei ya hisa ikaanguka karibu robo kwa siku moja.

Yaliyoipata M3 ni yale yale. Hisa yake ilivuka yeni 10,000 Januari 2021, na katikati ya mwaka 2024 ilikuwa chini ya yeni 2,000, ingawa kampuni ilikuwa hai na yenye faida.

Bei huweza pia kurudi juu. Februari 2025, baada ya Doximity kutangaza mauzo mazuri kuliko yaliyotarajiwa, hisa ilipanda zaidi ya theluthi kwa siku moja na kukaribia dola 80. Anayenunua kwa kufuata siku kama hizo anacheza bahati nasibu, na wala hana gawio la kumfariji, kwa kuwa katika kipindi chote hicho kampuni haikutoa gawio.

MTAJI NI IMANI

Ghala la biashara hii halina magunia. Mtaji wake ni imani ya daktari kwamba anachokisoma pale ni cha kweli, na imani ya mgonjwa kwamba siri yake haitoki nje. Imani hiyo ikipotea, mtangazaji hana cha kununua.

Agosti 2021 kituo cha televisheni cha CNBC kiliripoti kwamba baadhi ya madaktari wanachama wa Doximity walikuwa wakiandika madai ya uongo kuhusu chanjo ya korona chini ya habari za mtandao huo. Kumbe kuhakiki kwamba mtu ni daktari hakutoshi kuhakiki kwamba anachosema ni sahihi.

Ipo pia mikono ya serikali. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inayojulikana kama HIPAA inalinda siri za mgonjwa, na sheria nyingine ya mwaka 2010 inazitaka kampuni za dawa kutangaza malipo na zawadi wanazowapa madaktari. Serikali ikibana matangazo ya dawa, mapato ya mitandao hii yatabanwa pia.

Hatari mpya ni ushindani wa akili bandia. OpenEvidence, huduma inayojibu maswali ya tiba kwa kutumia tafiti zilizochapishwa, inatolewa bure kwa madaktari wa Marekani na kulipiwa na matangazo. Julai 2025 ilikusanya mtaji wa dola milioni 210. Doximity nayo mwaka huo huo ilinunua kampuni ya Pathway Medical ya Montreal kwa dola milioni 63 ili isiachwe nyuma. Daktari aliyejiunga bure anaweza kuhama bure, na hilo ndilo doa la biashara isiyomtoza mtumiaji wake.

MASWALI YA KUULIZA

Mwekezaji mdogo akiletewa hisa za kampuni ya namna hii, iwe ya madaktari, ya wakulima au ya walimu, ajiulize maswali manne kabla ya kufungua pochi.

Kwanza, nani analipa? Idadi ya wanachama inapendeza kwenye gazeti, lakini wanachama wasiolipa si wateja. Tafuta mlipaji, uone kama ni wengi au wachache wanaoweza kuondoka pamoja. Katika mitandao ya madaktari walipaji wakubwa ni kampuni za dawa, na bajeti zao zikipunguzwa zinapunguzwa kwa wakati mmoja.

Pili, mtumiaji anarudi kwa sababu gani? Daktari anayekuja kusoma porojo anaweza kuacha kesho. Anayetumia simu ya mtandao huo kumpigia mgonjwa kila siku ya kazi ni vigumu kuondoka.

Tatu, bei ni mara ngapi ya mapato, na mapato yanaongezeka kwa kasi gani? Usitosheke na kuambiwa kwamba kampuni ni nzuri. Doximity ilikuwa nzuri kwa dola 100 na ilikuwa nzuri kwa dola 20.

Nne, sauti ni ya nani? Doximity ina hisa za daraja mbili, moja yenye kura moja na nyingine yenye kura kumi, na zile za kura kumi ziko kwa waanzilishi na wenzao wa awali. Mwenye hisa 100 anaalikwa mkutanoni, lakini haamui.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Majibu ya maswali hayo manne yaandike kwenye daftari siku ile ile unayonunua, na uyasome tena kila hesabu za mwaka zinapotoka. Jibu mojawapo likibadilika, hiyo ndiyo siku ya kufikiria kuuza, hata kama jirani yako anacheka.