Fahamu: Wachina wa Nachingwea na swali la utii

Leo Ruangwa, kusini mwa Tanzania, inatajwa kwa madini ya kinywe. Jirani yake, Nachingwea, ina historia nzito zaidi: katika kambi ya chama cha ukombozi cha FRELIMO, wakufunzi wa kijeshi kutoka China waliwanoa wapigania uhuru wa Msumbiji. Kiungo kati ya China na FRELIMO kilikuwa serikali ya Tanzania, mwenyeji pia wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) iliyoundwa mwaka 1963, makao yake Dar es Salaam.

Mtu anaweza kujiuliza wakufunzi hao walimtii nani: China, Tanzania au FRELIMO. Lakini swali hilo la utii liliwabana zaidi Wamsumbiji wenyewe, na hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 1975, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alilazimishwa kukiri usaliti hadharani papo hapo Nachingwea. Baadaye yeye na mkewe, Celina, waliuawa kwa siri, bila mahakama.