Jiunge na mfuko ungali kazini

NILIPOACHISHWA kazi ya usafi hapa Helsinki, Ufini, mwaka 2025, sikuwa na wasiwasi. Kila mwezi hati yangu ya mshahara ilionyesha nimekatwa fedha za bima ya ukosefu wa ajira. Nikajiambia: sasa ni zamu yangu kulipwa.

Kumbe nilijidanganya. Makato yale ni ya lazima kwa waajiriwa, lakini hayamfanyi mtu kuwa mwanachama wa mfuko. Mfuko unaingia mwenyewe kwa hiari na kulipa ada yako.

Sharti kubwa ni kuwa kazini siku unayojiunga. Mkataba wa kazi ambayo hujaianza hautoshi, na aliyekwisha kupoteza kazi hapokelewi. Si lazima uwe katika chama cha wafanyakazi; upo mfuko unaopokea watu wa fani zote.

Hata ukishajiunga, fao haliji papo hapo. Zamani zilitakiwa wiki 26 za kazi ukiwa mwanachama. Tangu Septemba 2, 2024, inatakiwa miezi 12, na sheria ilipoanza mwezi kamili ulikuwa ule wenye mshahara usiopungua euro 930.

Mimi niliambulia msaada wa msingi wa serikali, ambao haupimwi kwa mshahara uliokuwa ukipata.

Sasa nina kazi nyingine, na mfuko nilijiunga siku ya kwanza. Ndugu yangu unayekuja huku, fanya hivyo kabla hujatuma hata senti nyumbani. Majuto ni mjukuu.