NGUMI ZA RUIRU: MZAHA MZAHA HUTUMBUKA USAHA

Dadangu anakaa Thika, mji wa mananasi, na kitindamimba wake ameshikwa na wazimu wa ndondi. Nilipowazuru, kijana aliniamkia kwa adabu, kisha akaninong'oneza: "Mjomba, nimeitwa Ruiru nikapigane. Mshindi ana pesa zake."

Nikamwuliza: Daktari ni nani? Mwamuzi katoka chama gani? Kijana akainamisha kichwa. Hapakuwa na daktari wala chama. Palikuwa na kiwanja, glovu kuukuu na watu wa kuweka dau.

Ajabu, ndugu msomaji, Ruiru hiyo hiyo ndiko kiliko chuo cha askari wa Magereza, na Magereza imelea mabondia wengi wa nchi hii, kwa mwalimu na kwa kanuni. Na tangu 2013 Kenya ina Sheria ya Michezo, inayovitaka vyama vya michezo viandikishwe kwa Msajili. Basi pambano la uchochoroni ni la nani? Mtoto akianguka, nani ataulizwa?

Hata penye kanuni, kifo hakiko mbali. Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul 1988, alifariki Las Vegas Julai 1994 kwa majeraha ya ulingoni. Mwaka 1982 Mkorea Kim Duk-koo alikufa baada ya pambano la raundi kumi na nne. Ndipo wakubwa wa ndondi wakaanza kupunguza raundi kutoka 15 hadi 12. Kanuni nyingi za ulingo zimeandikwa juu ya makaburi.

Wako waliopiga marufuku kabisa. Sweden ilikataza ndondi za kulipwa mwaka 1970. Karibu na kwetu, Zanzibar iliziondoa ndondi baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi ya Mzee Abeid Amani Karume. Zikakaa kando karibu miaka sitini, hata Rais Hussein Ali Mwinyi alipozirudisha mwaka 2022.

Nasi tuliokaa chuoni tunajua kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kupiga uso. Mieleka hakuikataza, mwenyewe alishikana na Rukana. Oktoba 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, liliamua kuwa ndondi ni haramu, kwa kuwa zinahalalisha kumdhuru mwenzio hata kumpofua au kumwua.

Nilipomweleza hayo, kijana alinitazama machoni. "Na Muhammad Ali, mjomba? Si Mwislamu mwenzetu?"

Swali zuri. Nikamwambia: Ali tunampenda. Lakini madaktari walimgundua na maradhi ya Parkinson mwaka 1984, naye alikuwa na miaka 42 tu, na wengi wanaamini ngumi zilichangia. Mwaka 1996, alipowasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta, dunia nzima iliuona mkono ule ukitetemeka.

Serikali na ifunge viwanja visivyo na daktari, na wanaokula dau la vichwa vya vijana washikwe wao kwanza, si watoto. Lakini marufuku peke yake haimlishi kijana asiye na kazi. Mpeni uwanja halali na mwalimu, au mpeni kazi.

Siku ile mpwa wangu hakwenda Ruiru. Alikaa barazani na mamake, akanywa chai. Ya kesho anayajua Mungu.