Choo Kigumu Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Wiki chache baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, kinachomsumbua mgonjwa mara nyingi si kidonda wala mizani. Ni choo. Siku ya nne imepita hajaenda haja kubwa, na kulisema hilo mbele ya ndugu waliomsindikiza kliniki anaona haya. Namsihi aliseme.

Anayekula kidogo hupata choo kidogo. Tumbo likipunguzwa kwa kukatwa, karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula huondolewa. Kwenye baipasi, yaani upasuaji unaoacha kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo, kifuko hicho hubeba mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani. Kwa nafasi hiyo finyu tunamwagiza aanze na yai, samaki au mtindi ili misuli isinyauke, na mchicha hukosa mahali. Juu ya hayo kuna tramadoli au kodeini za maumivu, ambazo hupunguza mwendo wa utumbo, na vidonge vya madini ya chuma, ambavyo hukausha choo na kukitia weusi. Madini hayo asiyaache kwa uamuzi wake, maana upungufu wa damu humnyemelea kwa miaka.

Zaidi ya yote ni maji. Aliyezoea kumaliza bilauri kwa pumzi moja sasa hawezi, na kunywa pamoja na chakula haruhusiwi. Husubiri nusu saa. Kwa hiyo chupa ya nusu lita ikae naye tangu asubuhi, anywe fundo dogo dogo, ziishe tatu kabla ya kulala. Mkojo ukifanana na chai ya rangi, maji hayajatosha. Ramadhani ikiingia katika miezi ya mwanzo, aonane na daktari wake kabla ya kutia nia ya kufunga.

Choo kikiwa laini, kwenda mara moja kwa siku mbili tatu si tatizo. Kikiwa kigumu, papai, kutembea na laktulosi aliyoandikiwa huwatosha wengi. Sanamaki siipendi: husokota tumbo, na ikinywewa mfululizo humpotezea mtu maji na potasiamu. Juisi ya ukwaju iliyojaa sukari nayo huweza kumletea aliyefanyiwa baipasi jasho, mapigo ya mbio na kuharisha ndani ya nusu saa, kwa kuwa sukari hushuka utumboni kwa mkupuo.

Maumivu makali yakiingia, habari inabadilika kabisa. Mwili unapopungua baada ya baipasi, mafuta yanayoshikilia utumbo nayo hupungua, na mianya hubaki. Kipande cha utumbo huweza kupenya humo na kujinyonga, hata miaka kadhaa baadaye. Mgonjwa hupata maumivu yanayokuja kwa mawimbi, wakati mwingine yakipiga hadi mgongoni, hutapika, hapati choo wala upepo. Huyu asipewe dawa ya kuharisha wala enema; apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji, usiku huohuo. Eksirei ya kawaida huweza isionyeshe kitu. Hata kipimo cha CT huweza kukosea, na hapo hulazimu kuingiza kamera tumboni kutazama.

Kutapika kusikokoma kuna hatari nyingine: vitamini B1 huisha mwilini ndani ya wiki chache. Mgonjwa huanza kuona vitu viwili viwili, kuyumba na kuchanganyikiwa. Kwetu mgonjwa dhaifu huwahishiwa dripu ya glukosi, nayo ikitangulia B1 huweza kuudhuru ubongo. B1 itangulie.

Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa nazo huleta vidonda pale utumbo ulipounganishwa. Maumivu ya kichwa au mgongo yatulizwe kwa parasetamoli.

Makovu madogo matano tumboni hayamwambii daktari wa zamu ni upasuaji gani ulifanyika, hasa kama ulifanyika India au Uturuki. Barua yenye aina ya upasuaji na tarehe ipigwe picha, ihifadhiwe kwenye simu, na mtu mmoja wa nyumbani awe na nakala.