Ngazi Si Mtihani

Kwa mwanafunzi wa Walikale anayetembea kwa magongo, safari ya kwenda chuo kikuu Goma ni kazi nzito. Teritware ya Walikale ina ukubwa wa kilomita za mraba 23,475, zaidi ya theluthi ya Kivu Kaskazini, na njia inayopitia Masisi ina tope na milima, na vita vimeifunga mara nyingi. Akifika mjini anapokewa na mawe ya lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo, uliolipuka Januari 2002. Ikiwa mtihani umepangwa ghorofani na yeye akashindwa kupanda, ataandikiwa sifuri. Sifuri hiyo haikupima akili yake, imepima ngazi.

Wataalamu wa elimu hutenganisha mambo mawili. La kwanza ni ufikivu: mazingira yanayotayarishwa mapema kwa ajili ya wote. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili. Kizingiti cha nusu mita kinahitaji njia ya mita sita. Ikifupishwa hadi mita mbili, kiti cha magurudumu kitarudi nyuma na kumwangusha mwenyewe. La pili ni marekebisho mwafaka, yaani badiliko analofanyiwa mtu mmoja kulingana na hali yake: chumba cha mtihani kuhamishiwa chini, asiyesikia kuwekewa mkalimani wa lugha ya ishara, anayeandika polepole kuongezewa muda. Mtihani wa saa tatu ukiongezwa robo, unakuwa wa saa tatu na dakika 45. Maswali ni yale yale, na alama ya kufaulu haishuki.

Kwa wasioona, kikwazo kikubwa ni silabasi, yaani maandishi ya somo. Iwapo profesa anauza nakala ya karatasi tu, au picha iliyopigwa kwa simu, programu ya kusoma kwa sauti haioni herufi, inaona picha. Akitoa faili lenyewe aliloliandika kwenye kompyuta, simu ya kawaida ya Android italisoma, na kwenye kompyuta ipo NVDA, programu isiyolipiwa, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona. Kumtumia mwanafunzi faili hilo hakumgharimu profesa chochote.

Wapo wanaodhani haya ni huruma. Sheria inasema vingine. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za kuwalinda. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao. Kifungu chake cha 24 kinataja elimu ya juu, na mkataba huo unahesabu kunyimwa marekebisho mwafaka kuwa ni ubaguzi. Kisha tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya nchi yenyewe ya kulinda na kuendeleza haki hizo.

Mashariki mwa Kongo jambo hili halihusu wachache waliozaliwa na ulemavu peke yao. Risasi na mabomu vimekata miguu ya vijana waliokuwa wazima. Kituo cha Shirika la Umoja, mjini Goma, kimewapa wengi miguu ya bandia. Mguu huo unamrudisha mtu barabarani. Kumwingiza darasani ni kazi ya chuo.

Mwanafunzi mwenye ulemavu, usingoje siku ya mtihani. Mwandikie barua katibu mkuu wa masomo mwanzoni mwa mwaka, taja unachohitaji, ambatanisha cheti cha daktari ukiwa nacho, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Nanyi maprofesa, siku ya kwanza ya somo ulizeni kama kuna anayehitaji kusaidiwa kusoma, kusikia au kufika. Kijana aliyevuka Masisi kwa magongo ili asome hastahili kurudishwa na ngazi za chuo.