Je, Wajua? Sindh Baada ya Maji

Je, wajua kwamba mwaka 2022, wakati ng'ombe wakifa kwa ukame Marsabit na Garissa, wakulima wa Sindh kusini mwa Pakistan walikuwa wakikimbia maji? Mkono mmoja ulihusika pande zote mbili: La Niña. Maji ya Bahari ya Pasifiki yakipoa, Afrika Mashariki hunyimwa mvua, na mvua zinazoletwa Asia Kusini na upepo wa kusi huzidi nguvu. Mwishoni mwa 2023 El Niño ikageuza kibao. Zamu ikawa ya mito ya Tana na Rufiji kufurika.

Je, wajua kwamba mvua iliyonyesha Sindh Agosti 2022 ilikuwa mara saba hadi nane ya ile ya kawaida? Pakistan nzima, watu milioni 33 waliguswa na mafuriko hayo. Zaidi ya 1,700 walikufa. Nyumba zaidi ya milioni 2 zilibomoka au kuharibika, nyingi zikiwa za udongo, katika nchi ambayo mchango wake wa hewa ukaa duniani haufiki asilimia 1.

Je, wajua kwamba Septemba mwaka huohuo mamlaka zilikata kwa makusudi ukingo wa Ziwa Manchar ili maji yasifike mijini? Miji ikapona, vijiji vikazama. Na kwa kuwa ardhi ya Sindh ni tambarare, maji yalituama kwa miezi, mashamba yakakosa msimu wa kupanda ngano. Ndiyo maana napenda kuuliza, kila ninaposikia neno msaada: uamuzi ulifanyika wapi, na nani alikuwa mezani?

Je, wajua kwamba katikati ya mafuriko hayo kitongoji cha Pono huko Sindh, chenye nyumba takriban 100, kilibaki kimesimama? Nyumba zake zina mifupa ya mianzi na zimeinuliwa kutoka ardhini.

Hebu tuitazame nyumba yenyewe kwa karibu. Mianzi hukatwa na kufungwa kuwa fremu nane, kila moja ikiwa na mianzi ya mshazari ili isiyumbe. Fremu hizo husimamishwa kwa kuzunguka, zikafungana pembe kwa pembe, na juu huja paa la msonge. Mifupa ikishasimama, kaya yenyewe hukandika kuta kwa udongo uliochanganywa na chokaa. Mume, mke, jirani, kila mwenye mikono ana kazi. Maji yakipanda, kinachoharibika ni ule ukandikaji wa chini, ambao mwenye nyumba anajua kuurudishia bila kumsubiri fundi wa mjini.

Je, wajua siri ya chokaa? Udongo mtupu ukilowa unameguka. Ukichanganywa na chokaa, unagangamala na kustahimili maji. Chokaa huchomwa kwa joto la takriban nyuzi 900, saruji huhitaji karibu 1,450, na viwanda vya saruji hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa ya dunia. Mafundi wa Kilwa, Gede na Lamu walizijua nguvu za chokaa zamani: walichoma matumbawe kupata chokaa, na kuta walizojenga karne nyingi zilizopita bado zipo, zimepigwa na chumvi na masika ya miaka mingi.

Je, wajua kwamba mji wa kale wa Mohenjo-daro, uliojengwa hukohuko Sindh miaka takriban 4,500 iliyopita, ulikaa juu ya majukwaa makubwa ya matofali ya udongo? Kuinua makazi katika bonde la mto Indus si utaalamu wa kuletwa na ndege.

Je, wajua nani alianzisha kazi hii ya mianzi? Yasmeen Lari, aliyezaliwa 1941, mwanamke wa kwanza wa Pakistan kuwa msanifu majengo. Alichora majumba makubwa ya Karachi, akastaafu mwaka 2000. Tetemeko la Kashmir la 2005 likamtoa nyumbani, mafuriko ya 2010 yakampeleka vijijini Sindh, na hajarudi kwenye vioo na zege. Mwaka 2023 alipewa Nishani ya Dhahabu ya Kifalme ya wasanifu wa Uingereza. Kupitia kazi yake, katika vijiji vya Makli hukohuko Sindh, watu waliokuwa wakiombaomba kwenye makaburi ya kale wamejifunza kutengeneza vigae na kuviuza.

Je, wajua kwamba hata jiko linaweza kuwa kinga ya mafuriko? Jiko la mafiga likikaa chini, maji hulichukua kabla ya kitu kingine, na familia iliyookoka hukosa pa kuchemshia maji ya kunywa. Jiko la kundi la Lari, liitwalo chulah, hujengwa kwa udongo na chokaa juu ya jukwaa. Moshi unapungua, kuni zinapungua, na mpishi haketi tena kwenye tope. Wanawake waliofundishwa kulijenga walikwenda kijiji hadi kijiji wakiwafundisha wengine kwa malipo madogo. Kufikia 2018, mwaka ambao jiko hilo lilipata Tuzo ya Makazi ya Dunia, zaidi ya majiko 40,000 yalikuwa yamejengwa. Mengi yamerembwa kwa nakshi, kila mama na zake.

Je, wajua kwamba serikali ya jimbo la Sindh ilianzisha mpango wa nyumba milioni 2.1 na kuamua fedha ziende moja kwa moja kwa mwenye nyumba? Rupia 300,000 kwa kaya, kwa mafungu, kwenye akaunti ya benki. Mashirika ya hukohuko hukagua ujenzi hatua kwa hatua. Mpango huo pia unatoa hati za viwanja kwa majina ya wanawake. Kwangu mimi hiyo hati ina uzito kuliko ukuta wowote.

Je, wajua kwamba mwaka 2016, jijini Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika ya kimataifa waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura ingefika kwa mashirika ya wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo? Mwaka ukafika, robo haikufika. Inauma zaidi ukijua kwamba uchunguzi wa shirika la Share Trust wa 2022 ulikadiria kuwa kupitia mashirika ya wenyeji kungepunguza gharama kwa asilimia 32.

Je, wajua kwamba Lari haiuzi michoro yake? Video za mafunzo ameziweka YouTube bila malipo, hatua kwa hatua. Fundi wa Utete kwenye Rufiji au Garsen kwenye Tana mwenye simu na mianzi anaweza kuanza Jumatatu.