Matunda yaliyobaki sokoni: vitafunwa vitatu vitamu vya haraka kwa familia



Leo siongelei mbolea wala viwavijeshi. Naongelea lile karai la matunda linalorudi nyumbani baada ya soko. Sisi tunaokaa huku Mwembesongo tunaliona kila msimu. Ndizi, mananasi na machungwa yanashuka kutoka Kinole, Mkuyuni na Matombo, mapichesi na maplamu yanatoka Mgeta. Mnunuzi anayepakia kwenda Dar es Salaam anataka tunda gumu, linalostahimili safari. Lililoiva sana analitoa pembeni. Hilo la pembeni ndilo linalorudi nyumbani, na keshokutwa linatupwa.

Humohumo nyumbani, mtoto anapewa hela akanunue pipi, biskuti au askrimu. Tuseme una watoto wawili na kila mmoja unampa shilingi 500 siku za shule. Kwa siku ni 1,000, kwa wiki 5,000, kwa wiki nne 20,000. Yaani unatupa kitamu ulichokilima mwenyewe, halafu unatoa hela mfukoni kununua kitamu cha mwingine. Ukiwa mkulima wa biashara, hiyo ni hasara mara mbili, na haiandikwi kwenye daftari lolote.

Lililoiva sana siyo lililoharibika

Karibu moja ya tano ya nyama ya ndizi mbichi ni wanga. Ikiiva, wanga huo karibu wote unageuka sukari. Kwa hiyo ndizi yenye madoa meusi kwenye ganda iko kwenye kilele cha utamu wake. Embe na papai nazo zinaendelea kuiva baada ya kuvunwa. Nanasi na chungwa ni tofauti: havizidi utamu vikishatoka shambani. Nanasi ukilikalisha ukisubiri liwe tamu, utapata lililochacha. Kwa hiyo kwenye karai lako, anza kushughulikia mananasi, ndizi zinaweza kusubiri siku moja au mbili.

Ukifika nyumbani, chambua mafungu matatu:

- Zima na limeiva: lioshwe, liliwe kama lilivyo.
- Limelainika au limechubuka, lakini linanukia vizuri: hilo ndilo la kupika leo.
- Lina ukungu, linatoa maji au linanuka pombe: lipeleke kwenye mboji. Usikate kipande chenye ukungu ukala kilichobaki, maana kwenye tunda laini ukungu unaingia ndani zaidi ya unavyouona.

Kwa nini tusiongeze sukari

Mkoa wetu una viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, lakini mwanzoni mwa 2024, baada ya zile mvua kubwa za El Niño, sukari iliadimika na bei ikapaa hata kwetu. Kitafunwa kinachotegemea utamu wa tunda hakikutikisi bei ya sukari ikipanda.

Kuna na afya. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi humo, ila ya kwenye juisi inahesabiwa. Ndiyo maana hapa chini sijaweka juisi. Tunatumia tunda na nyama yake.

1. Ndizi mzuzu za nazi (dakika 20)

Mahitaji: mzuzu 6 zilizoiva vizuri, nazi 1, iliki punje 4 zilizotwangwa, chumvi kidogo sana.

Kamua tui zito uliweke pembeni, kisha kamua tui jepesi. Menya ndizi, kata kila moja vipande viwili kwa urefu, toa ule uzi wa katikati. Panga sufuriani, mimina tui jepesi, weka iliki na chumvi, funika uchemshe kama dakika 10. Mimina tui zito, punguza moto na usifunike tena. Tikisa sufuria badala ya kukoroga, la sivyo ndizi zitavurugika. Tui likichemka kwa nguvu linakatika, kwa hiyo usiondoke jikoni. Likishakuwa zito, epua. Iliki tunayo, inalimwa hukohuko milimani Uluguru.

2. Chapati za maji za ndizi (dakika 15)

Hizi ni za asubuhi, mtoto anabeba shuleni.

Mahitaji: ndizi kisukari 4 zilizoiva sana, unga wa ngano kikombe 1, yai 1, maziwa nusu kikombe, chumvi kidogo, mafuta ya kupaka kikaango.

Ponda ndizi kwa uma mpaka zilainike. Changanya na yai na maziwa, kisha weka unga na chumvi. Uji uwe mzito wa kumwagika polepole, ukiwa mzito mno ongeza maziwa. Chota upawa mdogo mdogo, kaanga kila upande. Moto uwe wa wastani, maana sukari ya ndizi inaungua haraka na unaweza kupata nje nyeusi, ndani mbichi.

3. Nanasi la mdalasini na mtindi (dakika 15, ukiacha muda wa kupoa)

Mahitaji: nanasi 1 la wastani, kijiti 1 cha mdalasini, mtindi vikombe 2, karanga za kukaanga kiganja 1.

Menya nanasi, kata vipande vidogo, weka sufuriani na mdalasini bila maji. Litatoa maji yake lenyewe. Pika dakika 10 hadi 12 mpaka maji yawe mazito. Acha lipoe kabisa, kisha weka mtindi kwenye bilauri, nanasi juu yake, na karanga zilizopondwa.

Usiruke hatua ya kupika. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na ndicho kinachowasha ulimi ukila jingi. Ukilichanganya bichi na mtindi ukauacha ukae, mtindi unakuwa mchungu. Moto unakimaliza. Papai nalo lina tabia hiyohiyo, kwa hiyo ukitumia papai bichi na mtindi, kula papo hapo.

Vyote vitatu ni vya kuliwa siku hiyohiyo. Mwenye friza ana nafasi zaidi: msimu wa embe, kuanzia Novemba hadi Januari, ponda embe dodo, jaza kwenye vikombe vidogo, chomeka kijiti, gandisha. Hiyo ni askrimu bila sukari wala rangi. Ndizi pia zimenye kwanza ndipo uzigandishe, ukizigandisha na ganda zitakusumbua kumenya.

Kama unawaza kuuza

Najua kuna kijana hapa ameshaanza kuona biashara. Sawa, ila anza na nyumbani. Pika kitu kilekile mara tatu kwa vipimo vilevile. Watoto wako na wa jirani wakikimaliza mara zote tatu, andika gharama: tunda, mkaa au gesi, muda wako. Ukipenda kukifungasha ukiingize dukani, pita ofisi ya SIDO mkoani upate mafunzo ya usindikaji, na ujue kwamba tangu 2019 usajili wa vyakula uko TBS. Vyenye tui na mtindi haviwezi kukaa dukani bila ubaridi, kwa hiyo usianzie hapo. Chapati za ndizi za kuuza asubuhi ni mwanzo rahisi zaidi.

Kazi ya wiki hii ni moja. Kila siku ya soko, pima kilo za matunda yaliyorudi nyumbani, andika zilizoliwa, zilizopikwa na zilizokwenda kwenye mboji. Baada ya wiki nne utajua kama tatizo lako ni jikoni, au ni huko shambani, unakochelewa kuvuna. Kama ni shambani, chukua daftari hilo njoo nalo, tulipange upya.